Herufi ya Nne

Nilimdanganya mwenzangu saa nne asubuhi, kwa simu, nikiwa nimesimama juu ya kiti nikipunga gazeti ili moshi utoke dirishani.

“Imewaka?” aliniuliza.

“Imewaka,” nikasema.

Nilisikia pumzi zake na honi za magari kwa mbali, kisha akasema neno moja tu, “Fundi,” kwa ile sauti ambayo huwa haitumii mbele za watu, na simu ikakatika. Nikashuka kitini. Mezani, katikati ya ubao wa saketi nilioutolea jasho mwaka mzima, chipu kuu ilikuwa imetoboka tundu dogo jeusi, na tundu lenyewe lilikuwa bado linafuka.

Nilikuwa nimegeuza chanya na hasi. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nimeshika chuma cha kulehemu tangu nina miaka kumi na saba, nimewafokea watu wazima kwa kosa hilohilo, na asubuhi ile, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kabatini ikichagua gauni la kuvaa mbele ya mama yake, nikachomeka waya wa umeme kichwa chini miguu juu. Chipu nyingine ingechukua wiki tatu kufika. Mama yake, ambaye alikuwa amekwenda kumchukua kwa gari, angefika saa nane mchana.

Ubao ule ulikuwa wa mrithi wa Tofali, na kwa waliozaliwa juzi niseme kwanza Tofali ni nini. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani ya enzi za wazazi wetu. Ilikuwa ya kijivu na nzito, mashine yote imo ndani ya kibodi. Uliichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, ukaweka kaseti, ukaenda kuoga, ukirudi mchezo ndiyo kwanza unafunguka. Watu waliipa jina la Tofali kwa sababu ya umbo lake, na kwa sababu ikikuangukia mguuni hukuisahau. Kampuni yake ilikufa zamani. Sisi wawili, katika vyumba viwili juu ya duka la kurudufu karatasi, tulikuwa tunaunda mrithi wake: mimi saketi, yeye kasha na vitufe.

Wengi wamejaribu kabla yetu, na karibu wote hufanya ujanja uleule. Wanatengeneza boksi zuri, ndani wanatia kibao cha kununua dukani, kidogo kama kiberiti, chenye programu ya kuigiza mashine ya zamani. Sisi tuliapa hatuigizi. Tulitaka mashine yenye saketi yake yenyewe, waya kwa waya, na kasoro zake zote kama ilivyozaliwa.

Mwenzangu watu wote walimwita Mchongaji, kwa kuwa kasha lake la kwanza alilichonga kwa mbao. Alikuwa mtoto wa Tofali kwa baba na kwa mama. Marehemu baba yake ndiye aliyechora nyaya za kibodi ile ya zamani. Mama yake, akiwa binti wa miaka ishirini na sita, ndiye aliyeandika programu iliyokaa ndani yake, ile inayoandika TAYARI kwenye skrini mashine inapoamka. Walikutana kazini humo. Ukitaka kuolewa katika nyumba kama hiyo, jiandae kukaguliwa hadi skrubu ya mwisho.

Na Mama alikuwa hanitaki. Hakuficha. Nilimzidi mwanawe miaka minne, na niliwahi kuolewa nikaachika. Alimwambia kwamba mwanamke aliyeachika hupaswi kumsikiliza yeye tu, uliza na upande wa pili. Mchongaji alinisimulia jibu lake huku akicheka, akidhani ananifurahisha. Alimwambia: “Mama, msimange kwa lolote lile, lakini yule hajui kusema uongo. Hata chakula changu kikiwa kibaya ananiambia kabla hajameza.”

Kwa ahadi hiyo Mama alikubali kuja kuniona Jumamosi ile, mimi na mashine pamoja.

Kwa hiyo unaelewa nilichofanya saa tano, na bado sitetei kitendo changu. Nilifungua droo nikatoa kibao kimoja cha kununua, tulichokuwa nacho kwa ajili ya kulinganisha tu. Nikaufunga ubao wetu ulioungua ndani ya mtandio, nikausukumia chini kabisa ya mkoba wangu. Kisha nikalivuta kasha lake.

Miezi kumi na mmoja alilitengeneza kasha lile. Vitufe alivipima kwa vidole vyangu. Alinishika kidole kimoja baada ya kingine akavilaza kwenye kipimo chake, akaniambia nifumbe macho nibonyeze, niseme kama kinarudi upesi au kinasitasita. Kidole cha pete alikipima mara tatu, na wote wawili tulijua pale hakipimwi kitufe. Ndani ya kazi hiyo ya mikono yake nikalaza kibao cha dukani, nikaunganisha nyaya, nikakaza skrubu nne. Skrini ikawa buluu. TAYARI, ikaandika.

Watu wanaweza kudhani nilimwogopa mama mkwe. Hapana. Nilimwogopa yeye, Mchongaji. Mwaka mzima alikuwa ananitazama kana kwamba mikono yangu haikosei, nami nilikuwa nimeuzoea mtazamo ule, nikaona heri niuibe kuliko niukose siku moja.

Walifika saa nane na dakika kumi. Shangazi yake ndiye aliyetangulia kwa sauti, akilalamikia ngazi. Alisema kwa ngazi hizi mtu akija kuposa atafika juu hana pumzi ya kutaja alichokuja kuposa. Nikacheka kuliko mzaha wenyewe. Mama alipanda nyuma yake kimya, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba.” Akanitazama mikono kabla ya uso. “Wewe ndiye fundi.”

Mchongaji aliingia wa mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, nami nikadhani ni vumbi la barabarani. Alipita nyuma yangu akanigusa kiuno kwa ncha ya vidole, jambo ambalo asingethubutu siku nyingine mbele ya mama yake, na furaha iliyokuwa usoni mwake nikaona siwezi kuitazama. Nikajifanya nanyoosha waya.

Shangazi aliuliza kama kompyuta hii inafua na nguo. Mchongaji akamchukua hadi dirishani kumwonyesha sanduku la vitufe vya majaribio, amweleze kwa nini kile kimekataliwa na hiki kimekubaliwa, na Shangazi, ambaye hakuwa akielewa chochote, alivisifia vyote. Mimi nikabaki na Mama mezani.

Alivaa miwani. Alipapasa kasha pembeni kama mtu anayepima kitambaa, akasema kazi ya mwanawe ni nzuri. Akaandika programu fupi ya mistari mitatu, haraka, bila kutazama vitufe. Ikaenda. Akaandika nyingine ya kuchora duara. Ikaenda. Nikaanza kupumua. Kisha akaweka vidole vitatu vya mkono wa kushoto juu ya A, S na Z, akavibonyeza kwa pamoja.

Hapo nikakumbuka.

Kwenye Tofali la kweli, ukibonyeza hizo tatu kwa mara moja, inatokea na X, ingawa hakuna aliyeigusa. Nyaya za chini ya vitufe zimepitana kama vichochoro vya mtaa, na umeme ukiachiwa vichochoro vitatu unazunguka na kuingia mlango wa nne usiokuwa wake. Ni kasoro. Mwaka mzima niliilinda kasoro hiyo kwenye mchoro wangu, nikagombana hata na Mchongaji aliyetaka tuiondoe. Lakini kibao cha dukani ni cha kisasa, kimefundishwa kukataa kila herufi ambayo mtu hakuibonyeza. Nilikumbuka kuiga kila uzuri wa Tofali, nikasahau kuiga kosa lake.

Kwenye skrini zilikaa herufi tatu.

Mama akazitazama. Akabonyeza tena. Tatu. Akavua miwani taratibu, ikaning'inia kifuani, akanigeukia. Nikajisikia nauliza, kwa sauti isiyokuwa yangu, kama atapenda chai.

Jiko letu lilikuwa chumba cha hatua mbili, sinki na hita ya maji. Nilikuwa napanga vikombe alipoingia nyuma yangu akausukuma mlango kwa kisigino.

“Mashine yenyewe iko wapi?”

“Mama...”

“Nimebonyeza tatu, zimetoka tatu. Tofali halijawahi kunipa tatu.”

Kuna wakati mtu hutamani ardhi ipasuke immeze, na mimi nilikuwa ghorofani, ardhi iko mbali. “Imeungua,” nikasema. “Asubuhi. Niligeuza waya wa umeme.”

“Yeye anajua?”

Nikatikisa kichwa kukataa. Nilitegemea anichambue. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote ambayo wanawake wa upande wa mume waliwahi kuniambia, na mengine mapya. Badala yake akachukua kikombe kilichokwisha oshwa akaanza kukiosha.

“Ile herufi ya nne lilikuwa kosa la baba yake,” alisema. “Alisahau kuzuia umeme usirudi nyuma. Nilipoona X inajiandika, nikamuuliza, akaniambia tatizo liko kwenye programu yangu. Nikakaa wiki tatu naikagua mstari kwa mstari, sili nikashiba. Mwisho nikafungua kasha mwenyewe, nikaona. Nikafunga. Nikasema nitamsubiri aniambie kwa mdomo wake.”

“Alikuambia lini?”

“Huu mwaka wa sita tangu tumzike.”

Maji yalikuwa yanachemka, wala hakuna aliyezima hita.

“Hakuwa mtu mbaya,” akaendelea. “Nimeishi naye vizuri, nisimkosee marehemu. Lakini kila alichoniambia baada ya pale, hata akiniambia nje mvua inanyesha, nilitoka kwanza nikakinga kiganja. Miaka thelathini na moja, binti. Inachosha.” Akakiweka kikombe. “Nilidhani nakukataa kwa sababu ya umri wako na ndoa yako ya kwanza. Kumbe nilichokuwa naogopa ni hiki. Sitamwambia mimi, si kazi yangu. Nitakunywa chai yangu, na mimi chai huinywa polepole.”

Akazima hita akatoka na sukari.

Sikumbuki nilibebaje sinia. Nakumbuka Mchongaji alikuwa amesimama katikati ya chumba, amewasha mchezo wa zamani wa nyoka anayekula vidoti, Shangazi anapiga kelele nyoka akijigonga ukutani. Aliponiona akaja akanipokea sinia, akaliweka, akasimama kando yangu, akaanza kusema. Aliwaambia kwamba kuna usiku alikata tamaa, akataka tununue vibao kama wengine tumalize, na mimi nikakataa. Alisema kasha lake ni ngozi tu, moyo ni kazi ya mikono hii, na akaninyanyua mkono wa kulia mbele ya mama yake. Mkono ulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Nilikuwa nimeunawa mara tatu.

Mama alikunywa funda moja.

“Usiendelee,” nikamwambia Mchongaji.

Akanigeukia akitabasamu, akidhani naona haya. Ni kweli nilikuwa naona haya, ila si za namna aliyodhani.

“Kilichomo humo si ubao wetu.”

“Una maana gani?”

Sikuweza kulisema mara ya pili. Nilizima mashine, nikaligeuza kasha kifudifudi, nikampa bisibisi. Alifungua skrubu ya kwanza huku bado anatabasamu. Ya pili akaifungua polepole. Kwenye ya nne tabasamu halikuwepo. Akainua kifuniko, akachungulia, mtu mzima ameinama juu ya kazi yake mwenyewe kama mgeni.

“Hiki ni kile cha kwenye droo,” akasema.

“Ndiyo.”

“Wetu uko wapi?”

Nikafungua mkoba. Kuufungua mtandio ule mbele ya watu watatu kulinichukua muda mrefu kuliko kawaida. Akaupokea ubao kwa mikono miwili. Akaliona lile tundu jeusi. Akaunusa.

“Imeungua saa ngapi?”

“Saa nne kasoro dakika tano.”

“Nilikupigia saa nne.”

“Ndiyo.”

“Nikakuuliza, imewaka?”

“Ndiyo.” Machozi yalikuwa yananitoka lakini sikuyapangusa, niliona sina haki ya kuonewa huruma. “Nilichomeka kinyume. Nilikuwa nawaza gauni. Niliona aibu. Nilidhani ukijua nimefanya kosa la kijinga kiasi kile siku kama ya leo, hutaniona tena vile unavyoniona.”

Hakupaza sauti. Angefoka ningeshukuru.

“Mimi nimevunja makasha manane,” alisema. “Manane, Fundi. Ulikuwepo. Kila moja nilikuletea mkononi, nikakuonyesha lilipopasukia, tukacheka. Ulidhani nilikuwa nakuonyesha nini?”

Shangazi alikuwa ameshika kikombe kimesimama njiani kati ya sahani na mdomo.

“Baada ya kukata simu nilisimamisha gari kando ya barabara,” akaendelea, sasa akiutazama ubao, si mimi. “Nililia. Mama ndiye aliyenipa leso. Nikamwambia, unaona, Mama? Nilikuambia. Nimelia mbele ya mama yangu na shangazi yangu kwa ajili ya neno uliloliokota tu ukanitupia.”

“Nisamehe.”

“Nitakusamehe. Si hilo.” Akaulaza ubao juu ya mtandio, kwa uangalifu uleule ambao angeulaza kama ungekuwa mzima. “Nakupenda, na leo ndiyo nimejua kiasi gani, maana sijawahi kuumia hivi. Lakini kesho ukiniambia kitu, nitakiamini vipi? Nifundishe. Wewe ndiye mwalimu.”

Nilimtazama Mama. Sikukusudia, macho yalikwenda yenyewe. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kikombe, na nilijua yuko wapi: yuko mlangoni pa nyumba yake ya zamani, kiganja nje, anapima mvua.

“Sijui,” nikasema. Lilikuwa jibu la kweli la kwanza nililompa siku ile bila kulazimishwa na mtu.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei asiyoimudu. Akachukua funguo za gari. Alipopita karibu yangu alisimama, nikadhani atanigusa, hata bega langu likajisogeza lenyewe. Hakunigusa. Alimwambia Shangazi waende. Shangazi, maskini, alinipapasa shavu akiwa hana utani hata mmoja, akamfuata. Nikazisikia hatua zao zikishuka, za kwake nzito, hazisimami.

Mama alibaki amalize chai yake. Aliimaliza kweli, hadi masalia. Kisha akanyanyuka, akaja mezani, akavaa miwani na kuinamia ubao ulioungua. Aliifuata mistari ya shaba kwa kidole, akafika kwenye nyaya za vitufe pale nilipoilinda ile kasoro, akakaa hapo.

“Umeiacha,” alisema.

“Ndiyo, Mama.”

“Ungeiondoa nisingekulaumu.” Akajitanda vizuri. “Mwanangu hasira zake ni za kimya, na za kimya hukaa. Hizo sitakusaidia, utapambana nazo mwenyewe. Ila umesema mbele yangu, kwa mdomo wako, nami nilishazeeka nikingoja kuona mtu akifanya hivyo katika nyumba hii yetu. Kwa upande wangu sina kizuizi tena. Uwe mke wa mwanangu, nimeridhia.”

Nikapiga magoti kumshukuru. Alinishika kichwani kidogo, akatoka, akishuka ngazi moja baada ya nyingine huku ameshika ukuta.

Chini gari likawashwa. Nilikimbilia dirishani. Ridhaa ya mama yake tuliitafuta mwaka mzima, tuliipangia maneno, tuliiota, tulisema siku tutakayoipata tutapiga kelele mtaa mzima utusikie. Nilikuwa nimeipata. Na mtu niliyetaka kumwambia alikuwa anamfungulia mama yake mlango wa gari, bila kuinua macho juu.